Re: Msimamizi wa nyumba ya Nkuhungu hataki kutoka

Mdau, Leeds:
Wadau, salaam. Nyumba yangu ya Nkuhungu, Dodoma, nilimwachia jamaa akae bure, ailinde. Sasa nataka kupangisha, anasema amekaa miaka mingi na kodi ya ardhi kalipa yeye, hatoki. Huku Uingereza kuvamia nyumba ya kuishi ni jinai tangu Septemba 2012, polisi wanamtoa mtu. Huko kituoni dada yangu kaambiwa hilo ni suala la ardhi, aende baraza. Kuna kijana yuko tayari kung'oa mabati ili jamaa ahame mwenyewe. Mnasemaje?

Mdau, Ilazo, Dodoma:
Pole kaka. Huyo wa mabati mkataze leo leo. Likishang'oka bati moja, mlalamikiwa ni wewe.

Hata hiyo sheria ya huko isingekufaa: inamhusu aliyeingia kwa uvamizi, si uliyemkabidhi funguo mwenyewe akagoma kuzirudisha. Kwetu vilevile, swali la kwanza ni aliingiaje. Kwa bahati hapo ndipo anapokwama. Mtu uliyemkaribisha hageuki mwenye nyumba kwa kukaa muda mrefu, wala kwa kulipia kodi ya ardhi. Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo. Kwa hiyo tafuta ushahidi wa makubaliano yenu: meseji za WhatsApp, hela ya luku uliyomtumia, jirani aliyekuwepo siku unamwachia funguo.

Mpe notisi ya maandishi ahame, kisha peleka shauri Baraza la Kata. Tangu 2021 wao wanasuluhisha tu, hawaamui. Wakili haruhusiwi kusimama pale, ndugu anaruhusiwa, kwa hiyo hela ya wakili itunze kwanza. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya (nyumba ikizidi shilingi milioni 300, Mahakama Kuu). Ukishinda na bado hatoki, unaomba kukazia hukumu, dalali wa mahakama anatumwa kumtoa kwa amri. Inachosha, sikufichi.

Mdau, Dublin:
Na ile miaka 12?

Mdau, Ilazo:
Hiyo ni Sheria ya Ukomo: madai ya kurudishiwa ardhi yafunguliwe ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza. Kwa mvamizi usiyemjua ndiyo ya kuogopa, hasa nyie wenye viwanja vitupu Nala na Ihumwa ambavyo hamjavitia jicho tangu mnunue.

Mdau, Leeds:
Asante sana. Dada anaenda kata Jumatatu. Karatasi zangu ni za CDA (ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), zinafaa?

Mdau, Ilazo:
CDA ilivunjwa Mei 2017, mambo yake ya ardhi yako jiji sasa. Dada apite kwanza ofisi ya ardhi ya jiji ahakiki kiwanja bado kinasomeka jina lako. Na wewe msainie hati ya uwakilishi mbele ya notari huko, uitume halisi kwa kurier. Picha ya simu haitoshi.