Supavaiza kanipekua gari mbele ya watu, Texas hii hii!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, mikono inatetemeka na lanchi yenyewe sijala.

Yule mtu. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila ghala hapa Houston lina wa kwake, ila wa kwetu alipikwa hadi akaungulia chini. Yule yule aliyemkata dada wa watu masaa eti kakaa chooni muda wa kutosha kujenga msingi wa nyumba.

Leo mchana kanifuata paking, watu wote wako foleni kwenye gari la chakula. "Fungua buti." Eti kuna mtu kamnong'oneza kwamba Mwafrika ana bunduki. Nikafungua, nikijua ataona tairi la spea aondoke zake. Kaona mfuko wangu wa dagaa. Wakuu, AKAUCHOKOA KWA KALAMU. Kalamu ile ile anayotusainia mahudhurio! Kisha akainusa. Foleni nzima imeziba pua, mmoja anarekodi.

Na hata ningekuwa nayo hiyo bastola, inamhusu nini? Texas tangu 2011 mwajiri haruhusiwi kukukataza kuacha silaha unayoimiliki kihalali ndani ya gari lako mwenyewe, limefungwa, paking ya kazini. Kukataza anaweza ndani ya jengo, au kwenye gari la kampuni. Hili ni langu, mkopo nalipa mimi! Jamaa wa foklifti ana pikapu imejaa stika za bunduki hadi kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, mbona yeye hajachokolewa?

Dagaa wa Mwanza, wamevuka bahari, wamepita forodha salama, wanakuja kudhalilishwa na kalamu ya buluu. KALAMU, jamani.

Kiroboto Sugu: Hii chai haina hata sukari. Picha ya dagaa iko wapi?

Mama Kachumbari: Mleta uzi, dagaa ndani ya buti, joto la Houston, kuanzia asubuhi? Supavaiza ndiye wa kupewa pole. Hiyo ni silaha ya maangamizi.

Mtoa Hoja: Kosa lako ni kuishi Texas. Florida tangu 2008 mwajiri haruhusiwi hata kukuuliza kama gari lako lina silaha, achilia mbali kulipekua. Na chanzo cha sheria hizi zote ni Oklahoma: 2002 wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi kule Valliant walipekuliwa magari, zikakutwa bunduki, wakatimuliwa. 2004 bunge la jimbo likapitisha sheria. Waajiri wakakimbilia mahakamani, wakashinda 2007, rufaa ya 2009 ikawabwaga.

Kiroboto Sugu: Mtoa Hoja, nani kakuuliza?

Mjomba wa Katy: Vijana mlioko huku kwa viza ya masomo, msisome huu uzi mkapata wazimu. Wenye viza za muda kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki silaha kabisa, na hiyo ni kesi ya serikali kuu, jimbo halikusaidii. Mwenye grinikadi ndiye anaweza.

Mleta uzi: Mjomba shikamoo, lakini mimi bunduki sina! Nina dagaa! Na aliwachokoa kwa KALAMU!

Mjomba wa Katy: Marahaba. Punguza herufi kubwa.

Gobore la Tabata: Mnalialia nini huko? Huku Dar mlinzi wetu getini anapekua hadi hotipoti, jana kaonja pilau yangu kwa kidole eti anakagua. Gobore lake lenyewe kaliegemeza ukutani limeota kutu, na yeye kalala. Leseni ya silaha kwetu bila polisi kukuchunguza huipati, sheria ya 2015 hiyo, lakini kidole cha mlinzi hakina leseni.

Mama Kachumbari: Afadhali yako kaonja. Wa kwetu alikula lote akasema limemwagika.

Chalii wa Ngarenaro: Kuna bosi mmoja Arusha anahesabu majani ya chai. Yaani majani.

Mleta uzi: Tunaweza kurudi kwenye kalamu?

Kiroboto Sugu: Hapana. Chalii, huyo bosi wa majani ndiye yule wa duka la vipuri?

Chalii wa Ngarenaro: Umemjua! Mshahara anatoa kwa mafungu kama mchicha.

Mjomba wa Katy: Nikiwaona hapa nakumbuka: mleta uzi, mchango wa harusi ya kijana wa Dallas uliahidi, mwekahazina anakutafuta.

Mama Kachumbari: Heeee! Kumbe!

Gobore la Tabata: Na wewe Mama Kachumbari umelipa?

Mama Kachumbari: Mimi niliahidi vitenge, siyo hela. Soma grupu vizuri.