Je, walimu wa Kiingereza ughaibuni wanahitaji chama cha wafanyakazi, au mkataba mzuri unawatosha?

Mleta mada:

Hoja ninayoileta ni kwamba mwalimu wa Kiingereza anayefanya kazi nje ya nchi yake hawezi kujilinda kwa mkataba wake binafsi pekee, hata uwe umeandikwa vizuri kiasi gani, kwa sababu mwajiri anayemlipa mshahara mara nyingi ndiye huyohuyo aliyemdhamini viza na kumpangishia nyumba. Akigombana naye, anahatarisha vyote vitatu kwa siku moja. Nova, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za shule za lugha nchini Japani, ilipoanguka Oktoba 2007 iliwaacha maelfu ya walimu wa kigeni wakidai mishahara, na baadhi yao waligundua kwamba kodi ya nyumba iliyokuwa ikikatwa kwenye malipo yao haikuwa ikimfikia mwenye nyumba. Mikataba walikuwa nayo.

Wanaopinga vyama husema kwamba walimu hawa ni wapita njia, na mpita njia hajengi. Nadhani hapo chanzo na matokeo vimebadilishana nafasi, kwani upita njia wenyewe, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa na mwajiri. Nchini Korea Kusini, sheria humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo kinacholingana na wastani wa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Ndiyo maana malalamiko ya kuachishwa kazi katika mwezi wa kumi au wa kumi na moja wa mkataba yamezoeleka katika vituo binafsi vya masomo ya ziada, vinavyoitwa hagwon. Nchini Japani, shule nyingi za lugha ziliandika mikataba ya saa 29.5 kwa wiki, yaani nusu saa tu chini ya kiwango cha saa 30 kilichochukuliwa kuwa mpaka wa kumwandikisha mtu katika bima ya afya na pensheni ya waajiriwa. Nusu saa ya namna hiyo haitokei kwa bahati mbaya, na sioni jinsi mwalimu mmoja, akiwa peke yake mbele ya meneja, angeweza kuirudisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, ugonjwa umeueleza vizuri, lakini dawa yako siikubali. Silaha ya mwalimu huyu ni kuondoka. Shule yenye sifa mbaya hukosa walimu, na habari zake huenea haraka kuliko tamko lolote la chama. Tazama mgomo wa walimu wa Berlitz, kampuni ya shule za lugha, nchini Japani, ulioanza Desemba 2007: kampuni iliwashtaki viongozi wa chama ikidai fidia ya yeni milioni 110, na mahakama ya Tokyo haikuyatupa madai hayo hadi Februari 2012. Mwalimu aliyekwenda kwa mkataba wa mwaka mmoja atasubiri miaka minne kweli? Isitoshe, katika Saudia na Falme za Kiarabu, vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kisheria, kwa hiyo kumshauri mwalimu wa huko aunde chama ni kumtafutia matatizo.

Mchangiaji wa pili:

Kuna upande ambao nyote wawili mmeuruka. Viza ya E-2 ya Korea Kusini, inayotumiwa na walimu wa lugha, kwa wanaofundisha Kiingereza imekuwa ikitolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwalimu mwenye shahada ya ualimu na uzoefu mrefu hufungiwa mlango kwa sababu ya pasipoti yake, huku kijana mwenye shahada ya fani yoyote akikaribishwa. Chama kitakachowapigania waliokwisha kuingia, bila kuwauliza waliozuiwa wala walimu wenyeji wanaofundisha darasa la jirani, kitakuwa kinalinda upendeleo.

Mleta mada:

Nianze na la pili, kwa kuwa limenigusa: nalikubali, na ningependa madai ya kwanza ya chama chochote cha aina hii yahusu vigezo vya ajira kabla ya mshahara. Kuhusu nchi za Ghuba pia sina ubishi.

Lakini hilo la kuondoka lina kasoro. Mwalimu mwenye viza ya E-2 anayetaka kuhamia shule nyingine kabla ya mkataba kwisha, kwa kawaida hutakiwa kuwa na barua ya kuachiliwa kutoka kwa mwajiri yuleyule anayemkimbia. Ufunguo wa mlango uko mfukoni mwa mwenye nyumba. Nayo hukumu ya Berlitz haikuwa ya wagomaji peke yao, kwani anayegoma leo anaikuta tayari. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya Japani ya mwaka 1949 inamkataza mwajiri kukataa majadiliano ya pamoja bila sababu ya msingi, hata kama mwanachama katika shule hiyo ni mmoja. Huo ni uwezo ambao mkataba binafsi hauna.

Kinachonisumbua zaidi ni walimu wasaidizi wanaopelekwa katika shule za serikali za Japani kupitia kampuni za uwakala. Bodi ya elimu hutangaza zabuni, kampuni yenye bei ya chini huelekea kuishinda, na unafuu huo wa bei hufidiwa kwa mshahara wa mwalimu. Chama kinaweza kuiita kampuni mezani, nayo itajibu kwamba bajeti imepangwa na bodi. Kikiiita bodi, itajibu kwamba yenyewe si mwajiri. Wachangiaji wenye uzoefu wa ajira za uwakala, hata za fani nyingine, watueleze: chama kimwite nani?