Ushauri: Mtengeneza tovuti ananizungusha, nimmalizie pesa au nitafute mwingine?

Asali_Mbichi:
Wakuu habari za jioni. Nauza asali ya Sikonge, nafungasha mwenyewe hapa Tabora mjini. Wateja wengi wananipata Instagram, ila kuna hoteli mbili za Dar zinataka nionekane na tovuti na barua pepe ya biashara kabla ya kuchukua mzigo. Nikapata kijana, tukakubaliana laki nane. Alisema wiki tatu, huu mwezi wa tatu. Nikifungua ni ukurasa mmoja tu, na picha ya mizinga ambayo si yangu. Sasa anataka nimmalizie laki mbili na nusu ndipo akamilishe. Nimpe au nitafute mwingine? Usingizi sipati.

Fundi_Waya:
Mliandikiana mkataba? Na domeini, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani?

Bibi_wa_Kaliua:
Asali haiuzwi na tovuti, mwanangu. Mimi nauza tangu 2009, namba ya WhatsApp iko kwenye lebo, yatosha. Alama ya ubora ya TBS unayo? Hoteli wataanzia hapo. Kama huna, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho.

Mkazi_Moro:
Umenikumbusha machungu. Tovuti ya gesti yangu ilinila milioni na laki mbili. Kijana akapata ajira Dodoma, simu haipatikani. Malipo ya hostingi, pale tovuti inapohifadhiwa, yakaisha, ikapotea na picha zote. Vijana hawana hofu ya Mungu.

Fundi_Waya:
Mleta uzi, domeini ni ya nani?

Asali_Mbichi:
Samahani, nilikuwa napakia mzigo. Hatukuandikiana. Domeini alishughulikia yeye, mimi sikuwa na kadi ya kulipia mtandaoni. Lakini si mtu mbaya, ana mambo mengi.

Fundi_Waya:
Dada, hapo ndipo penye shida yenyewe. Picha na maneno mtu yeyote atakutengenezea upya. Domeini iliyo kwa jina la mwingine, hata ukileta fundi mpya, atakwama mlangoni, na barua pepe utakayowapa hoteli itakwenda nayo. Ingia kwenye whois ya domeini za .tz, ni orodha ya wamiliki iliyo mtandaoni, andika jina la tovuti yako, tazama mmiliki. Kwanza ihamishiwe kwako, upewe nywila za hostingi na za WordPress, kama ndiyo programu inayoendesha tovuti, ndipo pesa itoke.

Kipanga:
Unamtetea sana. Ni nani yako?

Asali_Mbichi:
Ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mume ndiye aliyesema tumpe kazi, kijana amemaliza chuo, yuko nyumbani tu. Na hiyo laki mbili na nusu nimeshamwahidi Ijumaa. Nikimgeuka nyumba haitakalika. Nilidhani nikimpa atapata moyo wa kumaliza.

Mkazi_Moro:
Ndugu hadaiwi. Mpe, uhesabu ni sadaka.

Mpekuzi:
Hii chai. Mwanzo "nikapata kijana", sasa shemeji. Subirini, mtu atajitokeza hapa kusema njoo PM nikutengenezee. Ni tangazo hili.

Kipanga:
Hata mimi nimeanza kushtuka. Nyuzi za hivi zimezidi.

Fundi_Waya:
Kama unanisema mimi, sijamwomba kazi wala namba. Nimemwambia la kufanya bure, afanye na yeyote.

Asali_Mbichi:
Mpekuzi, nilificha kwa aibu. Mume wangu anasoma humu. Nimeangalia whois sasa hivi: jina si la shemeji. Ni la mtu nisiyemjua kabisa. Shemeji anasema ni rafiki yake wa chuo, ndiye aliyefanya kazi yote, naye hajalipwa hata mia. Nimempigia mume, yuko njiani anakuja dukani.

Fundi_Waya:
Basi Ijumaa mpe nauli tu, amlete huyo rafiki. Mkae wanne, domeini ihame mbele ya macho yako, na laki mbili na nusu apokee aliyefanya kazi, mkononi.

Asali_Mbichi:
Sawa, kaka. Mume amefika. Namuonyesha uzi wote.