Kujifunza Linux huku umeokoka, kuna tatizo wakuu?

Mwanakwaya_Uyole:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima amani. Nipo Uyole hapa Mbeya, ni Mmoraviani, naimba kwaya, na toka mwezi wa tatu nimeanza kujifunza Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows) kwenye laptopu ya mtumba niliyonunua Mwanjelwa. Sasa jumapili mzee mmoja wa kanisa kaja nyumbani kanikuta nimefungua picha ya FreeBSD, mfumo mwingine unaofanana na Linux, kile kidude chekundu chenye mapembe kimeshika uma, na pembeni kwenye daftari nimeandika notisi zangu "daemon ni programu inayofanya kazi kimya kimya nyuma". Akauliza hii nini, nikajieleza nikashindwa, kesho yake mama kaniambia niachane nayo. Na kweli nikisoma naona hawa mahaka (mafundi wa kuandika programu) wengi hawaamini Mungu, wengine wana dini zao za utani. Mtu wa imani anaweza kukaa humo akabaki salama?

FundiSeva:
Ndaga mdogo wangu, pole. Hilo neno daemon, linalosikika kama pepo kwa Kiingereza, lina historia yake na ukimweleza mzee vizuri ataelewa. Zamani kuna mwanasayansi wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alifikiria kiumbe cha mfano tu, amekaa kwenye kamlango kadogo katikati ya boksi la hewa, chembe ya mbio anaipitisha huku, ya polepole anaipitisha kule, kazi hiyo hiyo bila kuonekana. Yeye hakukiita pepo, jina hilo walikipa wenzake baadae. Mwaka 1963 vijana wa chuo cha MIT Marekani wakaona programu zao za nyuma zinafanya kazi kama yule bawabu, wakachukua jina. Kale kapicha kekundu ni mchezo wa maneno tu uliokuja baadae. Na huyo Maxwell mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa! Mwambie mzee wako hilo, nadhani litamgusa.

Za utani zipo kweli. Richard Stallman, aliyeanzisha GNU (mradi wa programu huru zinazotumika na Linux), haamini Mungu na husema wazi, na kwenye mihadhara huvaa kanzu na sahani ya diski ya zamani kichwani anajiita mtakatifu wa Emacs, programu yake ya kuandikia. Kule Sweden mwaka 2012 kuna kundi lilitambuliwa rasmi kama dini, utakatifu wao ni kunakili mafaili. Hayo hayakulazimishi kitu.

Kamwene_Njombe:
Naongezea alipoishia mkuu, maana watu wanadhani humo hamna waumini. Donald Knuth, baba wa TeX (programu ya kupanga maandishi ya vitabu), ni Mlutheri, alichukua sura ya 3 mstari wa 16 kwenye vitabu vya Biblia akavichambua kimoja kimoja. Larry Wall aliyetoa Perl, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1987, yeye na mkewe walisomea isimu wakiwa na nia ya kwenda kwenye lugha isiyo na maandishi, ikiwezekana huku Afrika, waiandikie alfabeti na kutafsiri Biblia, afya ikawazuia. Yaani kazi ile ile iliyofanywa na wamisionari kwenye Kinyakyusa chenu! Ndani ya Perl kuna amri inaitwa bless, yaani bariki.

Ila kilichonigusa mimi kuliko vyote ni SQLite, programu ndogo ya kuhifadhi data. Siku moja nafungua faili lake kujua linavyofanya kazi, nategemea kukutana na yale maneno ya sheria juu kabisa, nakuta baraka. Utende mema na si mabaya, upate msamaha na uwasamehe wengine, ushiriki bure na usichukue zaidi ya unachotoa. Mistari mitatu. Nikakaa kimya kidogo. Na hiyo programu ipo kwenye kila simu ya Android, hata ya mama yako.

Abuu_Miomboni:
Mimi ni muislamu nipo Iringa, niseme kilichonipata. Imani yangu haikuguswa na neno wala picha, iliguswa na usiku. Bando la usiku ni rahisi, unaunga saa sita, unasema nitatue tu hili kosa moja, unashtuka kunakucha na baridi hili la huku unajifunika blanketi unalala, alfajiri imekupita. Miezi mitatu hivyo. Hakuna aliyenikataza kuswali, niliacha mwenyewe taratibu bila kujua. Hapo ndo pa kuchunga mdogo wangu, tena kwa macho mawili.

Mwanakwaya_Uyole:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Abuu umenigusa, jumatano mbili nimekosa mazoezi ya kwaya kwa sababu hiyo hiyo na sikumwambia mtu. Ile baraka nimeiandika kwa Kiswahili nikampa mama, kasoma taratibu mara mbili akauliza aliyeandika ni mchungaji? Nikamwambia hapana ni fundi. Mzee nitamfata jumamosi. @FundiSeva hiyo habari ya bawabu na kamlango, kuna mahali imechorwa nimwonyeshe?