Seli nyekundu ya damu haina kiini wala mitokondria. Inaishije siku 120?

Mdadisi_wa_Seli

Wakuu, habari zenu. Najisomea baiolojia jioni nikitoka kazini, nataka kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimekwama mahali na sitaki kukariri tu ili nipite.

Sura ya seli inasema kiini ndicho kinachoongoza shughuli zote za seli, mitokondria ndizo zinazotoa nguvu, ribosomu ndizo zinazotengeneza protini. Sawa, nimeelewa, na mchoro wa seli ya mnyama nauchora bila kutazama kitabu. Kufika sura ya damu nakuta seli nyekundu ya binadamu ikishakomaa haina kiini, haina mitokondria, haina ribosomu, na bado inazunguka mwilini siku 120 hivi. Kitabu kimeligusa hilo kwa mstari mmoja, kikahamia makundi ya damu.

Kama kiini ndicho kiongozi, hii inaongozwa na nani? Nguvu inatoka wapi? Na kama inaweza kuishi miezi minne bila vyote hivyo, seli nyingine zinahangaika navyo kwa nini? Mwenye kujua naomba anieleweshe taratibu. Hata maelezo yakiwa marefu nitasoma yote.

Kapilari

Ni suala la nafasi, mkuu. Kiini kikitoka, hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, inapata pa kukaa na oksijeni inabebwa nyingi zaidi. Andika hivyo kwenye mtihani, alama utapata.

Mdadisi_wa_Seli

Asante mkuu, hilo nimelisoma. Ila linanieleza faida ya kukosa kiini, halinielezi seli inaishije ikishakikosa. Halafu seli nyekundu za ndege zina kiini, za samaki na vyura pia, na ndege anayeruka anatumia oksijeni nyingi sana. Kwa hiyo hata hiyo hoja ya nafasi bado haijaniingia sawasawa.

Slaidi_na_Rangi

Nimefurahi kwamba umekataa kulipita hili swali. Nafanya kazi maabara ya hospitali, upande wa damu, kwa hiyo seli hizi nashinda nazo kutwa nzima. Nitaandika kirefu kama ulivyoomba.

Kwanza hilo neno "kuongoza". Kiini hakitoi amri kila dakika. Kinatunza DNA, na DNA ni maelekezo ya kutengeneza protini. Maelekezo yananakiliwa kuwa RNA, RNA inatoka kupitia vitundu vya utando wa kiini, ribosomu zinaisoma na kuunganisha protini. Protini ikishakamilika inafanya kazi yake yenyewe. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kinachovunja glukosi kitaendelea kuivunja maadamu glukosi ipo na chenyewe hakijaharibika, kiini kiwepo kisiwepo. Fundi akishamaliza nyumba akaondoka na ramani, watu wanaishi humo vizuri tu. Shida inaanza siku ukuta unapopasuka.

Sasa fuata maisha ya seli yenyewe. Haikuzaliwa tupu. Ndani ya uboho inaanza ikiwa seli kubwa yenye kiini kinachojaza karibu nafasi yote, mitokondria zipo, na ribosomu ni nyingi kiasi kwamba ukipaka rangi saitoplazimu (ute unaozunguka kiini) inatoka buluu iliyokolea. Kwa muda wa wiki moja hivi inagawanyika mara kadhaa huku ikijijaza hemoglobini, na ukiweka slaidi ya uboho chini ya hadubini unayaona mabadiliko hayo kwa macho: buluu inafifia, inakuja rangi ya kijivu yenye uzambarau, mwisho waridi. Buluu ni RNA ya ribosomu, waridi ni hemoglobini. Mimi nimeziona slaidi hizi miaka mingi na bado huwa natulia hapo kidogo, kwa sababu ni kama kuona kazi nzima ya seli ikisonga kutoka rangi moja hadi nyingine.

Wakati huo kiini kinasinyaa na kukaza. Mwishowe seli inakisukuma hadi ukingoni na kukitoa nje kikiwa kimefunikwa na utando mwembamba, na makrofaji (seli ya kinga inayomeza mabaki) iliyo jirani inakimeza papo hapo. Kinachobaki tunakiita retikulosaiti.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule havisemi. Mitokondria haziondoki pamoja na kiini, na haziwezi kutangulia kuondoka, kwa sababu hatua ya kwanza na hatua ya mwisho za kutengeneza hemu hufanyika ndani ya mitokondria. Hemu ndiyo sehemu yenye chuma inayoshika oksijeni. Kwa hiyo retikulosaiti, ingawa haina kiini, bado ina mitokondria, ina ribosomu, na ina RNA iliyonakiliwa kabla kiini hakijatoka. Inamalizia sehemu ya mwisho ya hemoglobini, na kwa siku chache, nyingine ikiwa uboho na nyingine ikiwa tayari kwenye damu, inazizingira mitokondria zake na kuzimeng'enya kwa lisosomu, vifuko vyake vya kumeng'enya.

Tunazihesabu hizi kila siku. Unachanganya damu na rangi ya buluu ya methilini, unaiacha kwenye joto la mwili kwa robo saa hivi, ndipo unapaka slaidi. Seli zilizokomaa zinatoka wazi, na hapa na pale unakuta moja yenye vijiuzi vya buluu ndani, ambavyo ni mabaki ya ribosomu yaliyogandana. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 1 kati ya 100. Mtu aliyetokwa na damu nyingi akipimwa baada ya siku kadhaa unazikuta nyingi zaidi, na hapo unajua uboho uko kazini.

Nguvu inatoka wapi? Glukosi inaingia kupitia mlango wake kwenye utando, na insulini haihitajiki hapo. Vimeng'enya vilivyo kwenye saitoplazimu vinaivunja mpaka asidi ya laktiki, na kila molekuli moja ya glukosi inaacha faida ya ATP 2 (ATP ni molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli). Seli yenye mitokondria ingepata kama 30 kutoka glukosi ileile. ATP 2 ni kidogo, lakini tazama inachotakiwa kulipia: haigawanyiki, haikui, haitengenezi protini, haijisukumi popote kwa sababu moyo ndio unaoisukuma. Matumizi yake makubwa ni pampu za kwenye utando zinazotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Pampu zikisimama, sodiamu inajazana, maji yanaifuata, seli inavimba na kupasuka. Uvunjaji huohuo wa glukosi pia unasaidia kurudisha chuma cha hemoglobini katika hali yake pale kinapoharibiwa na oksijeni, maana kikibaki hivyo hakishiki oksijeni tena.

Na kukosa mitokondria kuna faida moja iliyo wazi: seli haili oksijeni iliyopewa kupeleka. Inabeba molekuli za hemoglobini kama milioni 270, na yenyewe haigusi mzigo huo.

Seli ya ini haiwezi kuishi hivyo. Inatengeneza protini za damu, inavunja sumu, inahifadhi sukari, inajirekebisha, na inaweza kuwa na mitokondria zaidi ya elfu moja. Ndiyo jibu la swali lako la tatu.

Mwisho wake. Vimeng'enya vinachakaa na hakuna vipya vinavyokuja. Utando unapoteza vipande, seli inakuwa ngumu. Kipenyo chake ni mikromita 7 hadi 8, na kwenye bandama inabidi ipenye kwenye nyufa zisizofika nusu ya hapo, hivyo inatakiwa ijikunje. Iliyokakamaa inanasa, au makrofaji zinaitambua kwa alama zilizojitokeza kwenye utando, na inamezwa. Chuma kinarudi uboho kutumika tena, hemu iliyobaki inageuzwa bilirubini, rangi ya njano ya nyongo. Mwili unatengeneza seli hizi kama milioni 2 kila sekunde kufidia.

Kwa ushahidi wa bandama, kuna kitu kizuri sana cha kuona. Mara nyingine seli inatoka uboho ikiwa na kipande kidogo cha DNA kilichosahaulika. Kwa mtu mwenye bandama nzima huwezi kukiona kwa kawaida, kwa sababu seli ikijipenyeza kwenye zile nyufa kipande kinang'olewa na seli inaendelea na safari. Kwa mtu aliyeondolewa bandama unaviona kwenye slaidi: kidoti kimoja cha mviringo, cha zambarau iliyokolea, ndani ya seli nyekundu ambayo vinginevyo ni ya kawaida. Tunaviita vidoti vya Howell-Jolly. Ukiviona mara ya kwanza kwa mgonjwa ambaye fomu yake haisemi lolote, unapiga simu wodini kuuliza kama amefanyiwa upasuaji wa bandama.

Mwalimu_wa_Sayansi

Dada hapo juu ameeleza vizuri mno. Niongeze kuhusu ndege, kwa sababu mdadisi ana haki ya kutoridhika.

Hoja ya nafasi ni kweli lakini haitoshi. Seli nyekundu ya kuku ni ya umbo la yai na ni kubwa kuliko yetu, kiini kiko katikati, na bado damu yake inatosheleza mwili wenye joto kali kuliko wetu. Seli hizo hata zina mitokondria zinazofanya kazi. Kwa hiyo kuna zaidi ya njia moja ya kubeba oksijeni. Kwetu mamalia, nadhani jambo la kusisitiza darasani ni kujikunja. Kapilari nyingi ni nyembamba kuliko seli yenyewe, na kiini ndicho kitu kigumu kuliko vyote ndani ya seli. Kikiondoka, unabaki mfuko laini wenye wavu wa protini chini ya utando, unaokunjika na kurudi katika umbo lake maelfu ya mara.

Na seli nyekundu haiko peke yake. Chembe sahani zinazogandisha damu hazina kiini lakini zina mitokondria, na zinaishi siku 7 hadi 10. Kwenye mimea, seli za floemu zinazopitisha sukari hupoteza kiini na ribosomu, lakini kila moja ina seli mwenzi pembeni yenye kiini, na zimeunganishwa kwa vitundu ambamo protini hupita. Kwa sababu hiyo kwenye mimea ya jamii ya mnazi seli hizo zinaweza kufanya kazi miaka mingi. Linganisha na seli nyekundu isiyo na mwenzi wa kuiletea chochote.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Mjerumani Joachim Hämmerling, miaka ya 1930. Alitumia mwani unaoitwa Acetabularia: seli moja tu, lakini ndefu kwa sentimita kadhaa, kiini kiko chini kabisa kwenye kitako na juu kuna kofia. Alikata bua na kulitenga na kiini. Bua hilo liliishi kwa wiki nyingi, na likaweza hata kuota kofia mpya. Ukiikata hiyo nayo, nyingine haioti. Maelekezo yaliyokwisha kutoka kwenye kiini yalitosha kwa kazi moja, yakaisha.

Mdadisi_wa_Seli

Hapo kwenye Acetabularia ndipo pameniingia kabisa. Asanteni sana. Dada wa maabara, maswali mawili ya haraka: DNA wanayopima kwenye damu inatoka wapi basi? Na kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kinahusiana na hizi siku 120?

Slaidi_na_Rangi

DNA inatoka kwenye seli nyeupe. Kwenye mikrolita moja ya damu kuna seli nyekundu milioni 4 hadi 6 na nyeupe elfu 4 hadi 11, lakini hizo chache zina viini na zinatosha.

Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kinachoitwa HbA1c, ndiyo, kinategemea hilo moja kwa moja. Sukari iliyo kwenye damu inajishikiza yenyewe kwenye hemoglobini, na seli haina ribosomu za kutengeneza hemoglobini nyingine badala yake. Kilichoshika kinabaki humo mpaka seli ife. Ndiyo maana mgonjwa ambaye seli zake zinavunjika mapema anaweza kupata jibu la chini kuliko hali halisi ya sukari yake: seli hazikukaa muda wa kutosha.

Mama_wa_Wawili

Samahani kuingilia. Mwanangu ana upungufu wa G6PD, seli zake zilivunjika baada ya dawa fulani. Kwa nini ni seli nyekundu tu, na si viungo vingine? Na kwa nini kipimo cha kwanza, siku ileile, kilikuja cha kawaida?

Slaidi_na_Rangi

Pole mama, karibu. Maswali yako yote mawili yana jibu katika haya tuliyokuwa tunayazungumza.

G6PD ni kimeng'enya kinachoiwezesha seli kujikinga na kemikali zinazounguza hemoglobini na utando. Hitilafu iko kwenye jeni, kwa hiyo iko katika seli zote za mwili wa mtoto. Mara nyingi kimeng'enya hutengenezwa, ila kinaharibika haraka kuliko kawaida. Seli yenye kiini na ribosomu inatengeneza kingine, na ina njia nyingine za kupata kinga hiyo. Seli nyekundu ina kile ilichoondoka nacho uboho tu, na haina njia nyingine. Kwa hiyo kadiri inavyozeeka ndivyo inavyobaki bila ulinzi, na ikikutana na dawa kama primakwini ya malaria, zile kuukuu ndizo zinazovunjika kwanza.

Hilo ndilo linaloweza kudanganya kipimo. Siku ya tukio seli kuukuu zimekwisha kuvunjika, zilizobaki kwenye sampuli ni changa, na siku chache baadaye uboho unaongeza retikulosaiti nyingi ambazo kimeng'enya chao bado ni kipya. Mashine inasoma hizo na kutoa namba nzuri. Kama tumepokea sampuli ya namna hiyo tunaandika kwenye majibu kwamba kipimo kirudiwe baada ya miezi kama mitatu, damu ikiwa imerudi kuwa na seli za rika zote, na mtoto asiwe ameongezewa damu ya mtu mwingine karibuni. Mpaka hapo, mwambie kila anayemwandikia dawa kwamba ana upungufu wa G6PD, hata kama karatasi ya kwanza ilisema yuko sawa.