Betri ya kontrola ya RAID ilikufa miezi minane iliyopita, mafundi wa mkataba wakaificha. Leo data imeharibika

Wakuu, huu ni usiku wa tatu silali vizuri, na hasira niliyonayo sitaki ipoe kabla sijaisema.

Tuna seva yenye diski sita kwenye RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, mojawapo ikifa data inabaki), nyuma ya kontrola, yaani kadi inayozisimamia, yenye kashe na betri yake. Juu yake kuna hifadhidata ya miamala. Alhamisi umeme ulikatika, UPS ikashindwa kubeba mzigo, seva ikazima ghafla. Kukatika kwa umeme simlaumu mtu. Lakini tulipoiwasha tena, mfumo wa faili ulikuwa umeharibika na hifadhidata ikagoma kabisa kuamka. Nikakagua diski moja moja: zote sita nzima. Ndipo nikafungua logi ya kontrola yenyewe, nikakuta betri ilitangazwa kufa miezi minane iliyopita.

Miezi minane! Na mwezi uleule mafundi wenye mkataba wa matengenezo walikuja, wakaifungua logi hiyohiyo, wakafanya walichofanya, wakaondoka.

Kwa ambao hawajawahi kushika vifaa hivi, nieleze kidogo, maana bila hapa hamtaona ubaya wenyewe. Kontrola ya namna hii ina RAM yake, kumbukumbu inayofutika ikikosa umeme; ndiyo hiyo kashe. Programu ikiipa data ya kuandika, kontrola inaipokea kwenye hiyo RAM na kujibu papo hapo kwamba imeshaandikwa, kisha inaipeleka kwenye diski kwa nafasi yake. Kwenye skrini hali hiyo huonekana kwa herufi WB (write-back). Hifadhidata ikishapata jibu hilo inaamini muamala umekamilika, na mteja anaambiwa umekamilika. Umeme ukikatika dakika hiyo, kinachoilinda ahadi hiyo ni betri tu. Ndiyo inayoendelea kuilisha RAM, kwa kontrola nyingi hadi saa 72, mpaka seva iwashwe na data imwagwe kwenye diski. Betri ikifa, kontrola inahama yenyewe kwenda WT (write-through): haitoi jibu mpaka diski ziwe zimepokea. Inakuwa nzito, ila haimdanganyi mtu.

Na uzito huo si mdogo. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 tu kwa sekunde, na muamala unaosubiri diski hauwezi kuukimbia mzunguko huo. Kwenye RAID 5 kila andiko dogo linazaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (hesabu ya kurudishia data diski moja ikifa), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Kashe ikiwa hai huoni lolote kati ya haya. Siku inapoacha kufanya kazi, watu wanapiga simu.

Ndicho kilichotokea miezi minane iliyopita. Mfumo ukawa mzito, kila idara inalalamika, na lawama zote zikamwangukia dada anayesimamia hifadhidata. Alisemwa kwenye kikao mbele ya watu. Wiki mbili alikuwa anabaki usiku anaandika upya maswali ya hifadhidata, anaongeza faharasa, anapunguza ripoti, na hakuna kilichobadilika kwa sababu tatizo halikuwa lake. Kisha mafundi wakaitwa, wakakaa kama dakika kumi, mfumo ukawa mwepesi. Wakashukuriwa. Fomu yao ya kazi niliisaini mimi kwa mkono wangu, imeandikwa "mipangilio ya kontrola imeboreshwa". Yule dada akaendelea kuonekana hajui kazi.

Sasa najua waliboresha nini. Waliweka AWB (always write-back): kontrola iendelee kujibu kwamba imeandika, betri iwepo isiwepo. Kontrola ilikuwa imejilinda yenyewe, wao wakauondoa ulinzi ili malalamiko yaishe. Kwa miezi minane kila jibu la "imeandikwa" lilikuwa linategemea umeme usikatike hata mara moja. Hawakuagiza betri, hawakumwambia mtu, na fomu haisemi neno betri popote. Hii siwezi kuiita uzembe, kwa sababu kuweka AWB lazima mtu aichague mwenyewe.

Tumerudisha bakapu ya usiku uliotangulia. Siku nzima ya kazi imepotea, na watu wanaiingiza upya kutoka kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Miamala ambayo haikuwa na karatasi hairudi.

Nilipowapigia, jibu lao lilikuwa kwamba betri "haimo kwenye mkataba". Jamani! Betri ya lithiamu ndani ya seva yenye joto muda wote inachakaa hata isipotumika hata siku moja, na miaka mitatu ikifika unapaswa kuwa unaiwazia nyingine. Ni kifaa cha kubadilisha, kama oili ya gari. Mkataba wa matengenezo usioigusa unatengeneza nini?

Betri waliyoleta jana baada ya kelele zangu ni jambo jingine. Imefungwa vizuri, inaitwa mpya, lakini lebo inaonyesha imetengenezwa miaka minne iliyopita. Imekaa rafu miaka yote hiyo ikizeeka. Nimeikataa. Mkipokea betri, someni tarehe kabla ya kusaini.

Watengenezaji nao nina neno nao. Kontrola za betri zina mzunguko wa kujipima: betri inamwagwa chaji na kujazwa tena ili uwezo wake ujulikane. Kwa saa kadhaa hizo, kontrola nyingi zinahamia WT zenyewe. Jambo jema, lakini mnaliachaje lijiamulie saa na kuangukia katikati ya siku ya kazi? Ndiyo maana mafundi wavivu wanazoea kulazimisha AWB, wakichoka na simu za watu. Afadhali kontrola za flashi (kumbukumbu isiyofutika bila umeme) na superkapasita (kitunza chaji kinachotosha muda mfupi), ambazo umeme ukikatika zinahamisha yaliyomo kwenye RAM kwenda kwenye flashi, na baada ya hapo saa 72 hazina maana tena. Nazo superkapasita zinachoka, zinahitaji kuangaliwa, ila angalau si bomu la kimya.

Mwenye kontrola za aina ya MegaRAID aangalie leo hii kwa storcli, programu yake ya amri, asisubiri fundi. Andika storcli /c0/bbu show all kama ni betri, au /c0/cv show all kama ni superkapasita. Kisha storcli /c0/vall show, utazame safu ya kashe. Ukiona AWB, uliza nani kaiweka na lini. Hakikisha pia kashe ya diski zenyewe imezimwa, kwa sababu betri ya kontrola hailindi kilichomo ndani ya diski.

Mimi nimeangalia seva zetu mbili zilizobaki chini ya mkataba uleule. Moja ni salama. Ya pili betri imekufa tangu mwaka jana, na ina AWB. Nimeirudisha WB saa kumi na moja alfajiri, na kontrola ikashuka yenyewe kwenda WT kama inavyotakiwa. Tangu asubuhi simu haziishi, watu wanasema mfumo umekuwa mzito. Nimewaambia wakubwa utabaki mzito hivyohivyo mpaka betri yenye tarehe ya mwaka huu iingie. Na leo mchana nimeomba kikao kingine, watu walewale wakae, nisome logi ya kontrola mbele yao na mbele ya yule dada.