Mjadala: Jaji hakupigiwa kura na mtu, kwa nini asimamishe kazi ya serikali?

Wa Free Area, Nakuru:
Wadau naleta hii hapa tuichambue bila matusi. Tunapanga laini kutoka usiku, tunachagua rais, wabunge na magavana, halafu mtu mmoja anaamka anapeleka karatasi korti ya Milimani Nairobi, jaji anatoa oda na kila kitu kinasimama. Makato ya mshahara ya kujenga nyumba yalipigwa chini Novemba 2023, polisi wa kuenda Haiti wakazuiliwa Januari 2024, SHIF, ile bima ya afya ya serikali, ikasemwa inavunja katiba, Sheria ya Fedha ya 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitupa yote Julai 2024. Kuna vijana hapa kwetu walikuwa wanangojea kibarua kwa saiti ya hizo nyumba. Sasa niambieni, nani anatawala hii nchi, yule nilimpa kura ama yule amevaa joho? Na msinipe ile ya mihimili mitatu ya serikali, hiyo nilikariri shule ya msingi.

Wa Kondele:
Omera, hiyo kazi majaji hawakujipa. Tuliwapa sisi 2010 tukipitisha katiba kwa karibu asilimia 67. Kifungu cha 159 kinaanza kwa kusema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi, na cha 165 kinasema Mahakama Kuu ndio itaamua kama sheria inagongana na katiba. Kwa hivyo ile kura unalilia ilipigwa. Halafu unasema "serikali" kama ni rais peke yake, mahakama pia ni serikali, kazi yake ni hiyo ya kuwaambia wale wengine hapa mmepitisha mpaka.

Na kama unataka mahakama isiyosumbua mtu, tulikuwa nayo. 1988 Bunge lilibadilisha katiba majaji wakapoteza ulinzi wa kazi yao, rais Moi akikasirika jaji anaenda nyumbani, ikarudishwa 1990. Wewe uko Nakuru, uliza wazee kesi ya Koigi wa Wamwere, mpinzani wa Moi, hapo kwa korti yenu, ilianza na wizi wa mabavu ambao adhabu yake ni kunyongwa, ikaisha 1995 na miaka 4 ndani na viboko juu. Hapo hakukuwa na oda ya kusimamisha serikali hata moja ya kukusumbua. Hiyo ndio unatamani?

Wa Free Area, Nakuru:
Hahaha mambo ya Moi tena. Njoo hapa karibu. Sheria ya Fedha ya 2023, Rufaa walisema ni takataka Julai, Oktoba hiyo hiyo 2024 Mahakama ya Juu ikasema iko sawa. Katiba ni ile moja, imesomwa na watu wawili tofauti imetoa majibu mawili, na hiyo mnaniambia si siasa? Na nyinyi wa Kisumu msijifanye. 1 Septemba 2017 kura ya Uhuru ilipofutwa mlicheza barabarani hadi usiku, Jaji Mkuu Maraga akawa malaika. 5 Septemba 2022 majaji wa mahakama hiyo hiyo, wote saba, wakakataa kesi ya Raila ya kupinga uchaguzi, mkasema wamenunuliwa. Mnaheshimu mahakama ama mnaheshimu ushindi?

Wa Bungoma:
Majibu mawili ndio maana ya rufaa bana. Wangekuwa wanakubaliana kila mara tungekuwa na korti moja tu na choo.

Wa Kondele:
Tulicheza, sikatai, na 2022 matusi yalikuwa mengi. Lakini angalia nani alifanya nini. Sisi tulipiga kelele tukalala. 2017 rais mwenyewe aliwaita majaji wakora na akasema wataangaliwa. Kelele yangu na kelele ya mtu mwenye bajeti na polisi si kitu kimoja.

Na hapo kwa polisi ndio naona wewe umeshika mambo nyuma mbele, unasema mahakama ina nguvu kupita kiasi. Kuja Nyalenda. Mtoto Pendo wa miezi sita alipigwa Agosti 2017 polisi wakivamia nyumba za watu, akafa. Februari 2019 hakimu wa Kisumu alisikiza mashahidi akasema makamanda wa polisi wanahusika. Haya, hakimu amemaliza kazi yake. Mashtaka yakaja kuidhinishwa na DPP, mkuu wa mashtaka ya serikali, Oktoba 2022, na hata baada ya hapo ni kuahirisha na kuahirisha. Hakimu hana gari ya kuenda kushika mtu, ana kalamu peke yake. Mahakama ikisema kitu kwa huku chini inangojea wenye bunduki waamue kama watasikia.

Wa Shinyalu:
Nimesoma nyote na naona mnapigania kesi za watu wakubwa. Mahakama mimi naijua kwa benchi ya nje. Shangazi yangu ako na kesi ya shamba, shemeji zake walimkatia mpaka baada ya mume kufa. Anatoka asubuhi mapema na karatasi zake ndani ya mfuko wa unga umefungwa na kamba, tunafika, karani anasoma majina haraka haraka mlangoni, ukiwa chooni umepitwa. Tukiitwa, wakili wa upande ule hayuko, ama jaji ameenda mkutano, ama faili haionekani na unajua faili inaonekana vipi, kuna mtu anakuangalia mkono. Kesi inatajwa tu, haisikizwi. Halafu nasoma hapo hapo kwa 159 ya huyu ndugu wa Kondele ati haki isicheleweshwe. Hiyo laini mbona hamuikariri?

Lakini wa Free Area, nikuulize, hao uliwapa kura walifanya nini kuhusu benchi yetu? Pesa ya mahakama inapitishwa na Bunge na haifiki hata asilimia 1 ya bajeti ya nchi. 2019 JSC, ile tume inayochagua majaji, ilipeleka majina ya majaji, rais akayakalia hadi 2021, akaapisha 34 akaacha 6, hao 6 wakaapishwa Septemba 2022 na rais mwingine. Miaka yote hiyo shangazi anaambiwa majaji ni wachache. Korti ya madai madogo ndio angalau inakimbia, kesi haizidi milioni 1 na inafaa kuisha kwa siku 60, lakini haiguzi shamba, na huku kwetu kesi ni shamba.

Kesi ya nyani hakimu ngedere, wazee walisema. Ukiondoa jaji hapo, shangazi akidai serikali imemkosea atampelekea nani, chifu?

Wa Free Area, Nakuru:
Pole kwa shangazi, kwa kweli hiyo ni mateso. Lakini bado hamjanijibu. Mbunge akinikosea namngoja miaka 5 namtoa. Jaji anakaa hadi 70. Yeye namtoa vipi?

Wa Bungoma:
Kifungu 168. Mwananchi yeyote anaandika petisheni kwa JSC, wakiona iko na uzito wanaipeleka kwa rais, anaunda jopo. Iwe ni mwenendo mbaya ama hajui kazi, si ati hukupenda uamuzi.

Wa Free Area, Nakuru:
JSC yenyewe imejaa majaji na mawakili. Wanalindana hao.

Wa Bungoma:
Imejaa, hapo uko sawa. Lakini kuna mwanamke mmoja na mwanaume mmoja wa kuwakilisha raia, si mawakili, wanateuliwa na rais na kupitishwa na Bunge. Yaani wale wale uliwapangia laini usiku ndio wamewaweka. Anza na hao.